Ngeli Mbili za Mnyama Mmoja: Wanyama wa Snoopy na Mipaka ya Uainishaji wa Kibiolojia

1. Utangulizi

Neno "ngeli" lina kazi mbili katika Kiswahili cha kitaalamu. Mwanasarufi hulitumia kwa makundi ya nomino: ngeli ya A-WA, ya KI-VI, ya LI-YA na kadhalika. Mwanabiolojia hulitumia kwa daraja moja katika ngazi ya viumbe, lile lililo kati ya faila na oda, ndipo anaposema kwamba mbwa yumo katika ngeli ya mamalia na tumbusi katika ngeli ya ndege. Kwa kawaida kazi hizi mbili hazikutani. Kila moja ina darasa lake, mwalimu wake na, katika vyuo vikuu vya Kongo, mara nyingi lugha yake ya kufundishia pia. Makala haya yanachunguza mahali ambapo zinalazimika kukutana, nako ni katika uhakiki wa kazi za sanaa ambamo mnyama mmoja hujifanya mnyama mwingine.

Mfano uliochaguliwa ni Snoopy, mbwa wa katuni za Kimarekani ziitwazo Peanuts, zilizochorwa na Charles M. Schulz (1922-2000). Mbwa huyu hatosheki na ubwa wake. Mara hujikunyata juu ya mti akawa tumbusi, mara hutembea kama pengwini, mara hutoa mlio wa ng'ombe. Ni jambo la kumvutia msomaji mwenye elimu ya viumbe kuwachukua wanyama hao mmoja mmoja na kuwapa oda, familia, jenasi na spishi, kama vile mtu apangavyo vielelezo katika makumbusho. Kazi hiyo ina raha yake, wala haifai kudharauliwa. Hata hivyo, itadaiwa hapa kwamba uainishaji wa kibiolojia hauwezi kutuambia wanyama wa Snoopy ni akina nani, ingawa unaweza kutuonyesha kwa usahihi mkubwa mahali ulipo ufundi wa mchoraji. Itadaiwa pia kwamba ngeli ya mwanasarufi, pamoja na sheria yake ya upatanisho, ni chombo kinachomfaa zaidi mhakiki katika suala hili.

2. Snoopy na wanyama wake

Katuni za Peanuts zilianza kuchapishwa tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti saba ya Marekani, na Snoopy alionekana siku mbili baadaye. Ya mwisho ilitoka tarehe 13 Februari 2000, siku moja baada ya kifo cha mchoraji. Kwa jumla zilikuwa 17,897, zote zikiwa kazi ya mkono wa mtu mmoja. Mwanzoni Snoopy alikuwa mbwa wa kawaida, mwenye miguu minne ardhini na asiye na fikra zinazosomeka. Tangu mwaka 1952 mawazo yake yalianza kuandikwa ndani ya viputo, na kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amejifunza kusimama kwa miguu miwili na kulala juu ya paa la kibanda chake badala ya kulala ndani.

Mabadiliko haya yana uzito kwa mada yetu. Mbwa asiyefikiri hawezi kujifanya kitu chochote. Anachofanya ni kile tu kinachoonekana. Kiputo cha mawazo ndicho kilichompa Snoopy nafasi kati ya mwili wake na jina analojipa. Wasomaji wanaijua siri hiyo kwa kuwa wanasoma kiputo, lakini watoto wanaoishi naye katika katuni hawaisomi. Kwao, juu ya mti yuko mbwa tu, tena mbwa aliyekaa vibaya.

Pamoja na katuni za gazetini, iko filamu fupi ya televisheni, A Charlie Brown Christmas, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 9 Desemba 1965. Katika filamu hiyo watoto wanafanya mazoezi ya mchezo wa kuzaliwa kwa Yesu. Lucy, msichana mwenye amri nyingi, anagawa nafasi za waigizaji, na anapomfikia Snoopy anampa wanyama wote kwa mkupuo mmoja. Anamjaribu kwa kondoo, kisha kwa ng'ombe, kisha kwa pengwini, naye mbwa anafaulu kila mtihani. Hapo Snoopy hana kiputo. Mawazo yake hayasikiki. Kwa hiyo majina ya wanyama hayatoki kwake, yanatoka kwa Lucy. Tofauti hii kati ya gazeti na filamu itarudiwa baadaye, kwa sababu ndiyo inayobeba hoja yote.

3. Ngazi ya Linnaeus na viumbe wasiokuwapo

Kabla ya kuwaainisha wanyama wa kubuni, inafaa kukumbuka kwamba mwanzilishi wa uainishaji wa kisasa aliwahi kukabiliana nao. Carl Linnaeus wa Sweden, katika toleo la kwanza la Systema Naturae la mwaka 1735, alitenga sehemu aliyoiita Paradoxa, yaani viumbe vya ajabu. Humo waliwekwa joka, feniksi, mnyama wa pembe moja na haidra mwenye vichwa vingi. Hakuwatenga kwa kuwaamini. Mwaka huohuo wa 1735, alipopita Hamburg, alionyeshwa mzoga maarufu wa haidra mwenye vichwa saba, akatambua mara moja kwamba taya na miguu yake ilikuwa ya vicheche, na kwamba ngozi za nyoka zilikuwa zimegandishwa juu yake kwa ustadi. Kufikia toleo la sita, la mwaka 1748, sehemu ya Paradoxa ilikuwa imekwisha kufutwa.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba ngazi ya Linnaeus haina daraja la kiumbe wa kuwaziwa. Ukimtaka aingie, sharti umvunje vipande, na kila kipande kirudi kwa mwenyewe: taya kwa kicheche, ngozi kwa nyoka. La pili ni kwamba haidra wa Hamburg alishindwa kwa sababu alidai kuwa mwili. Snoopy hadai hivyo. Hakuna mahali ambapo Schulz anambandika mbawa za tumbusi au kwato za ng'ombe. Mwili unabaki uleule, masikio yaleyale meusi, pua ileile ya mviringo. Mwanabiolojia aliyeitwa kuvunja vipande hatapata kipande cha kigeni. Atapata mbwa mtupu.

Jibu la sayansi, basi, ni fupi: wanyama wote wa Snoopy ni spishi moja, nayo ni Canis familiaris, kama Linnaeus alivyoiita mwaka 1758. Hata jina hilo halikutulia. Mwaka 1993, toleo la pili la orodha kuu ya spishi za mamalia duniani lilimweka mbwa wa nyumbani ndani ya Canis lupus, yaani akahesabiwa kuwa mbwamwitu aliyefugwa. Na wako wataalamu ambao baadaye walirudia jina la Linnaeus. Ikiwa mbwa mwenyewe, ambaye mifupa yake imejaa katika maabara, bado anahamishwa kutoka chumba hadi chumba, mhakiki anayetaka kumjengea nyumba ya kudumu tumbusi wa katuni ana kazi ngumu mbele yake.

4. Jaribio la uainishaji

Pamoja na hayo, jaribio lifanywe kwa nia njema. Tuseme kila mnyama aainishwe kwa alama ambazo Snoopy mwenyewe anazitoa, bila kuongeza chochote.

(a) Kondoo na ng'ombe. Kwa mwanabiolojia hawa ni ndugu wa karibu. Wote wawili wamo katika oda ya wanyama wenye kwato shufwa na katika familia moja, Bovidae. Hutengana chini yake tu, mmoja akiwa Ovis aries na mwingine Bos taurus. Undugu wao huonekana katika tumbo lenye vyumba vinne, katika kwato na katika meno. Snoopy hana hata kimoja kati ya hivyo, wala hajaribu kuvionyesha. Anasimama palepale na kubadili sauti. Kile ambacho kwa sayansi ni alama ndogo, yaani mlio, kwake ndicho mnyama mzima. Sauti yenyewe ilitolewa na Bill Melendez, mwongozaji wa filamu. Kwa hiyo mtazamaji anasikia binadamu anayeigiza mbwa anayeigiza kondoo. Ngazi ya uainishaji haina namna ya kusema hivyo.

(b) Pengwini. Hapa sauti haitumiki. Kazi yote inafanywa na mwendo. Familia ya pengwini, Spheniscidae, ina spishi zipatazo kumi na nane, zinazotofautiana kwa kimo, kwa manyoya ya kichwani na kwa mabaka ya kifuani. Swali la kwamba Snoopy ni pengwini gani kati yao halina jibu, na mtazamaji halihitaji. Inatosha kwamba mwili umesimama wima na hatua ni fupi. Pengwini husimama hivyo kwa kuwa miguu yake imekaa nyuma sana, ili imfae katika kuogelea. Mbwa husimama hivyo kwa kuwa mchoraji amependa. Namna ya kusimama inafanana. Sababu zake hazina uhusiano wowote.

Mpangilio wa Lucy nao una maana. Kondoo na ng'ombe wana haki ya kuwapo katika zizi la Bethlehemu. Pengwini hana. Yeye ndiye wa kwanza kuitwa bila kuhitajika na hadithi, na hapo ndipo mtihani wa kazi unapogeuka kuwa mchezo. Uainishaji unaowaweka watatu hawa katika orodha moja, wawili mamalia na mmoja ndege, unapoteza mteremko huo kutoka kwenye haja hadi kwenye upuuzi, ambao ndio unaochekesha.

(c) Tumbusi. Huyu ndiye maarufu kuliko wote, naye amerudiwa mara nyingi gazetini. Snoopy hupanda juu ya mti, akajikunyata, akainamisha shingo, akamtazama mpita njia kwa jicho baya. Wataalamu wanajua kwamba jina hili hufunika makundi mawili yasiyo na undugu wa karibu. Tumbusi wa Amerika wamo katika familia ya Cathartidae, na anayejulikana zaidi huko ni Cathartes aura mwenye kichwa chekundu. Tumbusi wa Afrika, Ulaya na Asia wamo katika familia ya Accipitridae, pamoja na tai na vipanga. Upara, ukubwa wa mbawa na tabia ya kula mizoga vimewafanya wafanane, kwa sababu kazi moja huelekea kuzaa umbo moja. Mwaka 1843 mwanaanatomia Mwingereza Richard Owen alizipa jambo hili istilahi: kufanana kwa asili moja ni homolojia, na kufanana kwa kazi moja ni analojia.

Tumbusi wa Snoopy ni wa familia ipi? Kwa kuwa Schulz alizaliwa Minnesota na kuishi miaka mingi California, jiografia ingemwelekeza mtu kwa Cathartes aura. Lakini katuni za siku za wiki zilichorwa kwa wino mweusi, na kichwa chekundu hakimo. Upara haumo. Mbawa hazimo. Kilichobaki ni mkunjo wa shingo na tisho, na hivyo viwili haviwezi kuitenga familia moja na nyingine. Snoopy ni analojia iliyovuliwa kila kitu kingine. Hafanani na tumbusi kwa asili, wala kwa kazi, kwa maana hali mizoga. Chakula chake huletwa na Charlie Brown katika bakuli. Anafanana naye kwa mkao peke yake.

Jaribio linaonyesha jambo moja waziwazi. Kila mara Snoopy huchagua alama moja tu: sauti kwa kondoo na ng'ombe, mwendo kwa pengwini, mkao kwa tumbusi. Kila mara pia alama hiyo humfikisha kwenye jina la kawaida, kisha husimama. Majina hayo hayalingani kwa daraja. "Ng'ombe" ni spishi. "Pengwini" ni familia nzima. "Tumbusi" ni sehemu za familia mbili. Mtu akitumia ngazi ya Linnaeus ataona vurugu. Akitumia lugha ataona utaratibu, kwa sababu yote ni maneno ambayo mtoto huyajua kabla ya kwenda shule. Snoopy haigi spishi. Anaiga majina.

Schulz mwenyewe alilifanyia mzaha suala hili. Woodstock, ndege mdogo rafiki wa Snoopy, aliyepewa jina mwaka 1970, hakupata kamwe kuelezwa ni ndege wa aina gani. Katika vibonzo kadhaa Snoopy anajaribu kumtambua kwa kumpambanisha na aina za ndege zinazojulikana, na kila aina inamkataa. Mbwa anayejigeuza tumbusi bila shida anashindwa kumtafutia ndege halisi nafasi yake miongoni mwa ndege.

5. Somo la okapi

Msomaji wa Kongo hahitaji kwenda mbali ili aone hatari ya kumwainisha mnyama kwa alama moja. Okapi wa misitu ya Ituri alijulikana vema na wenyeji wa msitu kwa jina lake na kwa tabia zake. Wanasayansi wa Ulaya walimpata kwanza kwa vipande vya ngozi vyenye milia, vilivyopelekwa London na Harry Johnston. Kwa kuitazama milia, P. L. Sclater alimtangaza mwaka 1901 kuwa aina ya punda milia, akamwita Equus johnstoni. Haukupita muda mrefu fuvu na ngozi kamili zikafika, ikaonekana kwamba mnyama huyo ni wa familia ya twiga. Mwaka huohuo E. Ray Lankester alimpa jenasi mpya, Okapia.

Kosa la Sclater halikuwa uzembe. Alikuwa na ngozi tu, na ngozi ilisema milia. Lakini kisa hicho kinabainisha kwa nini uainishaji wa kibiolojia haukubali ushahidi wa namna ya Snoopy. Sayansi husahihishwa na fuvu. Nyuma ya milia kuna mwili unaoweza kuikanusha. Nyuma ya mkao wa Snoopy hakuna fuvu la tumbusi litakalofika kesho kwa meli. Uainishaji usioweza kusahihishwa na ushahidi mpya umeacha kuwa sayansi, hata kama umevikwa Kilatini. Hili ndilo la kuwaonya wanafunzi wa fasihi wanaopenda kuazima majedwali ya taaluma nyingine. Jedwali huazimwa pamoja na masharti yake, na asiyeweza kutimiza masharti hubaki na mistari ya kalamu.

6. Ngeli ya pili: umbo na upatanisho

Tugeukie sasa ngeli ya mwanasarufi. Kiswahili Sanifu kina majina ya wanyama yenye maumbo mengi. Simba, nyoka na tumbusi hayana kiambishi kinachoonekana. Kifaru, kiboko na kipepeo yana umbo la KI-VI, sawa na kisu na kikapu. Hata hivyo, katika sentensi yote hufuata ngeli ya viumbe hai. Husemwa "kifaru mkubwa amelala njiani", si "kifaru kikubwa kimelala". Umbo linasema kitu, lakini viambishi vya maneno yanayofuata vinasema mnyama, na neno la mwisho ni la viambishi.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka katika neno lilelile. Mtu akisema "kifaru kikubwa kimelala njiani", msikilizaji haoni tena mnyama. Anaona gari la vita. Nomino haikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni maneno ya jirani, yaliyokubali au kukataa kumtendea kifaru kama kiumbe hai. Kinyume chake pia hutokea. Mbwa, ambaye ni wa A-WA bila ubishi, akidunishwa huweza kuitwa "kijibwa hiki" na kuambiwa "kimelala", na kwa hilo anashushwa katika safu ya vitu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi viambishi ni vingine, kwa kuwa husemwa "banyama banalala", lakini hata huko upatanisho ndio unaobainisha nani anahesabiwa miongoni mwa wenye uhai.

Kanuni hii inamweleza Snoopy vizuri kuliko ngazi ya Linnaeus. Yeye ni nomino yenye umbo moja, umbo la mbwa, ambalo halibadiliki. Akiwa juu ya mti anadai upatanisho wa tumbusi: anataka watu walio chini yake waogope, wakimbie, angalau wainue macho. Wangefanya hivyo, tumbusi angekuwapo, kwani sentensi nzima ingekuwa imekubaliana naye. Lakini hawafanyi. Mara nyingi mpita njia hupita bila hofu au humtazama kwa mshangao tu, na mbwa hubaki na neno lake lisilopatana na lolote. Kicheko cha msomaji, na huruma yake, hutoka katika pengo hilo. Kiputo kinasema tumbusi. Picha nyingine zote zinasema mbwa.

Katika filamu ya 1965 mambo ni kinyume. Lucy anataja jina, mbwa anatoa alama moja, na Lucy anakubali. Hakuna kilichoongezeka katika mwili wa Snoopy, wala pengwini wake si kamili kuliko tumbusi wake wa gazetini. Ila safari hii yuko mtu aliyempatia upatanisho, na kwa muda wa sekunde chache pengwini yupo chumbani. Linalompa uhai mnyama wa kuwaziwa ni kukubaliwa na walio karibu naye, na ustadi wa mwigaji peke yake hautoshi. Gazetini Snoopy hujitajia jina mwenyewe na kubaki peke yake. Katika filamu hutajiwa jina na mwingine, akapata wenzake.

7. Mnyama wa mwisho

Onyesho hilo haliishii kwa pengwini. Lucy anapoendelea kutoa amri, Snoopy anaanza kumwiga yeye, kwa mdomo na kwa mikono, akiwa nyuma yake. Katika orodha ya mwanabiolojia huyu angekuwa mnyama wa nne, Homo sapiens, wa oda ya nyani na binadamu, na huenda orodha ingempa mstari mmoja kama wenzake. Lakini kwa mantiki ya hadithi huyu si sawa na waliotangulia. Kondoo, ng'ombe na pengwini waliagizwa. Huyu hakuagizwa na mtu. Aliyekuwa akitoa majina sasa anapewa alama yake mwenyewe, naye haipendi.

Lucy anapogeuka na kumwona, anafoka. Mbwa anamlamba usoni. Hapo msichana anakimbia akipiga kelele kwamba amepata vijidudu vya mbwa, akidai maji ya moto na dawa ya kuua vijidudu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa tayari kumhesabu kuwa kondoo, ng'ombe na pengwini. Sasa anamrudisha kwa nguvu katika spishi yake, na sababu si elimu ya viumbe; amekasirika na amechukizwa. Uainishaji umetumika kama fimbo. Snoopy, kwa upande wake, amejibu kwa kitendo pekee katika onyesho zima ambacho ni cha mbwa halisi. Ulimi ule hauigi kitu. Baada ya wanyama wanne wa kukopa, huo ndio mara ya kwanza anapozungumza kwa ngeli yake mwenyewe.

Mhakiki aliyetumia ngazi ya kibiolojia peke yake hataliona tukio hili, kwa kuwa kwenye jedwali lake kulamba si mnyama. Atafunga orodha kabla hadithi haijafika mwisho.

8. Hitimisho

Haikudaiwa hapa kwamba biolojia haina nafasi katika uhakiki. Bila yake isingeonekana kwamba kondoo na ng'ombe ni ndugu waliotenganishwa kwa sauti tu, wala kwamba jina "tumbusi" hufunika familia mbili, wala kwamba mkao wa Snoopy ni analojia tupu. Kilichodaiwa ni kwamba sayansi hiyo humwonyesha mhakiki mahali pa kuchimba, kisha humwachia jembe. Alama aliyoichagua mwigaji, jina alilojipa au alilopewa, na namna wenzake walivyopatana nalo au kulikataa: hayo matatu ndiyo yanayomfanya mnyama wa kubuni awe alivyo.

Faida ya hoja hii haiishii kwa mbwa wa Marekani. Katika masimulizi ya pwani mjanja ni sungura. Katika masimulizi ya Waluba mjanja ni Kabuluku, swala mdogo. Kwa mwanabiolojia wawili hawa wako mbali, mmoja akiwa wa oda ya sungura, mwingine wa oda ya wenye kwato. Mwanafunzi atakayewatenga kwa sababu hiyo atakuwa amerudia kosa la milia ya okapi kwa njia nyingine. Wanafanana kama tumbusi wa mabara mawili wafananavyo, kwa kazi waliyopewa, na kazi hiyo hutambulikana kwa jinsi chui, fisi na tembo wanavyotenda mbele yao.

Wako wanaosema kwamba majina ya Kiswahili ya wanyama hayana usahihi, eti kwa kuwa "tai" huweza kuwa zaidi ya ndege mmoja na "nyoka" ni mamia ya spishi. Shutuma hiyo huyahukumu majina kwa kazi ambayo hayakupewa. Jina la kawaida hukusanya sauti, mwendo, mkao na hofu, mambo ambayo mtu huyahitaji anaposimulia, anapoonya na anapocheza. Kilatini cha wanasayansi kina kazi nyingine, na kinaifanya vema. Mwalimu wa Kiswahili anayesoma katuni hizi pamoja na wanafunzi wake aanze na zoezi dogo: awape sentensi ya Snoopy juu ya mti, awaulize kitenzi kichukue kiambishi cha nani. Mjadala utakaofuata utamfikisha mbali.